Muhula wa Nsimire Nyuma ya Pazia

Juzi Jumamosi nilikuwa kwenye kilio cha mama yake Nsimire. Maiti iko Bukavu, kilio kiko Johannesburg. Ndivyo tunavyolia sisi ambao karatasi zetu haziruhusu kurudi nyumbani: tunakodi viti vya plastiki, tunafunga turubai uani kwa mchungaji, tunalilia picha. Nilienda bila kujua kama nitapokelewa, kwa sababu mimi na Nsimire hatujasemeshana karibu miaka miwili, na njia nzima kutoka Jeppestown nilikuwa naongea peke yangu, najibu maneno ambayo hakuna mtu aliyeniambia. Nilimkuta amekaa chini kwenye mkeka, kitenge kimefungwa kifuani, kichwa kimenyolewa. Kile kichwa nimekisuka mimi tangu tukiwa na miaka kumi na saba. Nilikitazama nikakosa pa kuweka mikono yangu. Akanipa mkono kama alivyowapa wengine wote, akasema, "Aksanti kwa kufika," na macho yake yakaenda kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu kwenye mstari.

Watu wakisimulia maisha yao wanaanza na babu yao. Mimi naanza na chumba, kwa sababu mwaka uliotutenganisha mimi na Nsimire, kuanzia 2017 mpaka mwanzo wa 2018, uliishia ndani ya chumba. Jengo lilikuwa kiwanda cha zamani cha magodoro, mwenyewe amekigawa kwa mbao laini, zile ambazo jirani akigeuka kitandani na wewe unajua. Changu kilikuwa cha pembeni. Dirisha lilikuwa juu sana, dirisha la kiwanda, hata ukipanda kwenye kiti unaona mbingu na nyaya tu. Kulikuwa na kitanda kimoja, jiko la umeme la sahani mbili, ndoo tatu, na pazia la maua lililokata chumba vipande viwili. Hilo pazia nililifunga kwa sababu nilichoka kutazama ndoo. Sikulifunga nikidhani kuna siku mtu ataishi nyuma yake.

Wakati huo nilikuwa nasuka kwenye saluni mtaa wa pili, kama ninavyosuka hadi leo. Shule niliacha darasa la sita. Mengine yote nimejifundisha: Kiingereza nilikichukua kwenye midomo ya wateja, Kizulu nilikichukua barabarani kwa watu waliotaka kunidanganya. Nsimire yeye alikuwa chuoni, mwaka wa tatu, anasoma kemia ya maji, na kanisani kwetu kwa Wakongo hakukuwa na mwingine aliyefika hapo. Watu walikuwa wanashangaa tunaongea nini, msusi na msomi. Tulikuwa tunaongea yote. Ukimgusa yule umenigusa mimi, na mimi sikuwa mtu wa kuguswa. Nilishampiga mwanamke mmoja na chanuo, mteja anayelipa, kwa sababu alisema Nsimire anajiona.

Chuo chake kilipotangaza nafasi ya kwenda Ujerumani muhula mmoja, aliomba kimya kimya, akapata, akaja saluni na simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Walikuwa wamemtumia mpaka picha ya chumba chake cha huko: kitanda chembamba, meza, dirisha pana linaloangalia miti. Na karatasi ya sheria za jikoni. Taka za karatasi ndoo ya bluu, za chakula ndoo ya kahawia, plastiki ndoo ya njano, na mabaki mengine ndoo nyeusi. "Ni batu ba ndoo kama weye," akaniambia. Ilibidi ajue Kijerumani kidogo na hakuwa na wa kuongea naye, basi na mimi nikaweka yale masomo kwenye simu yangu. Nilijifunza nikisuka, sikio moja kwa mteja, sikio moja Ujerumani. Kufika mwezi wa nane nilikuwa namsahihisha. "Dorcas, weye njo ungepaswa kuenda," akasema siku moja. Nikamwambia asiniletee upuuzi. Lakini lile neno nililipenda, na nimelikumbuka mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali.

Kilichobaki kilikuwa kitabu cha safari. Sisi hatuna pasipoti, tuna karatasi ya ukimbizi, na mkimbizi akitaka kutoka nchi anaomba kitabu chake maalum. Bila hicho kitabu viza haina pa kugongwa. Alikiomba mapema sana. Mwezi wa sita wakamwambia arudi mwezi ujao, na mwezi ujao wakamwambia vilevile.

Hapa lazima nieleze kanisa letu, maana mtu wa kanisa lingine ataona tulikuwa wajinga. Kwetu hungoji upate ndiyo ushukuru. Unashukuru kwanza, mbele ya watu, na unatoa kitu chako, ili ionekane kweli umeamini. Mwanamke anayetafuta mtoto ananunua kabisa beseni la kuogeshea. Mama Pasta, mke wa mchungaji, ndiye aliyempokea Nsimire alipofika mji huu akiwa mtoto, na alimpenda, sitaki mtu anielewe vibaya. Mwezi wa tisa alituita jikoni kwake. Mimi nilipewa vitunguu.

"Safari iko siku gani?"

"Mama, kitabu hakijatoka."

"Sikuuliza kitabu. Nimeuliza siku."

"Kikitoka, ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Basi Jumapili tunakuaga."

"Mama, tungojee kidogo tu, hata viza..."

"Ukingojea viza, binti yangu, utakuwa umeshukuru viza."

Nilifungua mdomo. Nsimire akanikanyaga mguu chini ya meza, nikaufunga. Ningejua, ningeutumia siku ile.

Jumapili ile sanduku lake lilizungushwa kanisani mara saba, linabebwa na wamama wanaocheza. Chumba chake cha chuo alikuwa ameshakirudisha. Akatoa kitanda chake, akampa binti wa Ya Béa, dada anayeimbisha kwaya yetu. Akatoa blanketi, sufuria, mpaka pasi. Halafu wakampa maikrofoni wakataka asikike Kijerumani, na yeye kwa woga akatoa sentensi ya kwanza iliyomjia, na kanisa zima likapiga vigelegele. Ni mimi tu niliyeelewa. Alikuwa amesema, "Mimi nakunywa chai bila sukari." Nilicheka mpaka nikapiga magoti, na Mama Pasta akadhani nimeguswa na Roho, akaja kuniwekea mkono kichwani.

Jumanne kitabu kilikuwa hakijatoka. Jumatano hivyo hivyo. Kanisa lilikuwa limepanga teksi mbili za kumsindikiza, akawaambia gari la chuo litampitia alfajiri, wasijisumbue. Alhamisi hiyo alikuja chumbani kwangu na lile sanduku. "Siku mbili tatu tu, Dorcas. Kikitoka naenda, hakuna mutu atajua." Kule Ujerumani walikubali kumngoja mpaka katikati ya mwezi wa kumi. Kila asubuhi alijifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, akaenda kupanga foleni ya kitabu, na kila mchana alirudi na vumbi la foleni kwenye viatu. Halafu barua ikaja, ya adabu kabisa: nafasi imefungwa, karibu uombe tena mwakani. Niliisoma yote mwenyewe kwa Kijerumani chao, nikataka kuwajibu, kwa sababu matusi nayo nilikuwa nimejifunza. "Acha, hawana kosa," akasema. Nikamuuliza nani sasa ana kosa. "Sijui. Tuseme hakuna." Hilo ndilo sikuliweza. Mimi hasira yangu inataka anwani.

Nikamwambia basi, twende kwa Mama Pasta tumweleze. Akanitazama kama mtu asiyejua kwetu. Kanisani kwetu, ushuhuda ukianguka, hawaulizi ofisi, wanauliza nani hakuamini. Na Bukavu mama yake alikuwa ameshachinja mbuzi, ameita avenyu nzima, mtaa wote. Basi tukapanga, tumekaa kwenye kitanda kimoja, sahani ya ugali na sambaza, wale dagaa wa kwetu, katikati yetu. Atakaa nyuma ya pazia muhula mzima. Mwezi wa tatu ukiisha atatoka na sanduku, atakuwa amerudi, atajiandikisha chuoni aendelee. Miezi sita. Ilionekana kitu kinachowezekana. Ninapoandika hivi naona wendawazimu wake, lakini nakuambia ukweli, usiku ule wenyewe tulilala tukicheka.

Kumbe mtu anaweza kuishi maisha yote ya Ujerumani ndani ya mita tatu. Alichukua ratiba ya masomo ambayo angesoma, akaibandika nyuma ya pazia kwa plasta, na kila Jumatatu saa nne alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasoma maji ya ardhini kutoka kwenye simu. Saa ya kule ilikuwa sawa na yetu, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi wenzetu wakarudisha saa zao nyuma, na yeye akarudisha yake. Mama yake alikuwa anauliza, "Huko ni saa ngapi?" na jibu lazima litoke haraka. Mle chumbani tuliishi na saa mbili. Mimi nilikula saa moja, yeye akasema bado ni saa kumi na mbili, akangoja. Kazi yangu ilikuwa hali ya hewa. Kila asubuhi nilitazama kwenye simu baridi ya ule mji, nikamwambia kabla sijatoka, ili yeye akiongea na Bukavu na mimi nikiongea saluni tuseme baridi moja. Mwezi wa kumi na mbili bati la kiwanda lilikuwa linapika vichwa vyetu, na yeye, jasho linatiririka mpaka kwenye kiwiko, anamwambia mama yake theluji imefika kwenye vifundo vya miguu. Chooni alienda watu wakiwa kazini. Sambaza aliacha kula, alisema harufu itamletea watu. Alikula magwinya, maandazi ya huku, niliyomnunulia kwenye spaza, kiduka cha mtaani, na chai, na kweli bila sukari.

Na mimi saluni nilikuwa nasimulia. Nani asingenipenda? Wamama walikuja kusuka kwa ajili ya habari. Nilianza na zile ndoo nne za taka. "Ndoo ine kwa jikoni moja?" Ya Béa akauliza. "Na ukikosea?" Nikamwambia ukikosea wanakuandikia barua. Wakacheka, wakataka zaidi. Nikamzaa Heike kutoka kichwani mwangu, msichana wa chumba cha jirani, mrefu, anayekula mkate mweusi na anayemfundisha Nsimire kuendesha baiskeli. Heike alikuwa na mchumba, wakaachana, wamama wakasikitika. Jioni nilimpelekea Nsimire habari za Heike, mwanzoni akacheka, baadaye akawa anasikiliza tu. Nilifikiri namlinda. Leo nikikaa na lile jambo naona kitu kingine, ambacho hakuna aliyenilaumu nacho kwa sababu hakuna anayekijua: muhula ule, aliyeenda Ujerumani ni mimi. Nilikuwa na baiskeli na miti dirishani. Yeye alikuwa na ndoo.

Baada ya Krismasi ratiba ilidondoka ukutani, plasta imechoka na joto, hakuibandika tena. Nikirudi namkuta alipokuwa asubuhi. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilimwambia miezi imebaki miwili, mimi na hesabu za vidole, na yeye akasema taratibu, "Dorcas, nikitoka hapa, nitakuwa nimetoka wapi?" Nikaanza kuosha sufuria kwa nguvu. Kabla ya hapo sikuwahi kukosa neno mbele yake, na badala ya kukaa karibu naye na huo ukimya, nilipiga kelele za vyombo.

Ilikuwa mwezi wa pili, Ijumaa, saluni imejaa. Ya Béa alikuwa chini ya mikono yangu, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Huyu ni mwanamke aliyeimbisha kwaya Bukavu kabla hajaimbisha hapa, huko alikaa mlango kwa mlango na mama yake Nsimire, na sauti yake hata akinong'ona inafika mtaa wa pili.

"Mutu anapiga simu miezi mitano bila kuonyesha sura," akasema. "Mama yake ameniambia. Video hapana, kila siku network. Nyiye munaona ni nini?"

"Ni baridi," mmoja akasema. "Camera inaganda."

"Camera. Mimi nimezaa sita, najua kinachofichwa. Ni tumbo."

Wakacheka. Mimi nikavuta uzi wa nywele. "Ya Béa, acha."

"Niache nini? Weye njo unatuletea habari kila siku. Heike hivi, Heike vile. Huyo Heike njo atalea mutoto wa muzungu? Eish, na sisi tulizungusha sanduku mara saba."

Walicheka tena, hata mwenye saluni, na ni kile kicheko kilichonimaliza. Mtu anamtukana mtu ambaye kwa miezi mitano anajisaidia kwa saa ili asiwaaibishe wao. Nilisikia mdomo wangu kama wa mtu mwingine. "Nsimire hana mimba. Nsimire hata ndege hajapanda. Yuko chumbani kwangu tangu mwezi wa tisa, na mmemweka nyinyi."

Mwenye saluni akazima mashine ya kukaushia. Ya Béa akasimama na kichwa chake cha nusu, akachukua mkoba. Nilimshika mkono, akautoa bila ukali. Nilimkimbilia mtaa wote, namwomba, nasema nilitania, nasema mimi ni mwongo, muulize yeyote. Ndipo nikaona kwamba analia. Hakuwa anaenda kumfumania mtu. Alikuwa anasema, "Mutoto yetu, miezi mitano, karibu hivi," na anakaza mwendo, na kwa sababu alikuwa analia nilishindwa kumpiga, nikashindwa pia kumzuia.

Mlango haukuwa na kitasa cha maana. Nsimire alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu ndani ya beseni la maji kwa ajili ya joto, simu iko juu ya godoro na sauti imefunguliwa. Alikuwa katikati ya sentensi. "...hapana mama, leo theluji ni kidogo, nimevaa ile jaketi nzito..."

"Nsimire," Ya Béa akasema mlangoni. "Mutoto wangu."

Hakusema kwa nguvu. Nilisikia jogoo kwenye ile simu, jogoo wa Bukavu, na mtoto anaitwa mbali. Halafu mama yake akauliza, "Nsimire, huyo si Béa?"

Nsimire hakututazama sisi, alitazama simu. "Ni mutu tu, mama. Anapita."

Jogoo akawika tena. "Sawa," mama akasema. "Vaa vizuri, binti. Baridi isikuingie." Akakata.

Hakuna aliyemgombeza. Ningejua kupigana na hilo. Walimrudishia vitu. Jumamosi mchana, binti wa Ya Béa na mashemasi wawili wakapita Jeppestown katikati ya barabara na kitanda vichwani, nyuma yao blanketi, nyuma yao sufuria na pasi, kila mtu anaona. Mama Pasta akaja akakaa kwenye kiti changu kimoja, akamshika Nsimire mikono, akalia naye. Halafu akasema, "Kulikuwa na mashaka mahali fulani," akainua macho, yakatua kwangu. Wakaondoka naye jioni hiyo. Mimi nilikuwa nimesimama na sanduku lake, nimejiandaa kutukanwa. Akalipokea. "Dorcas," akasema, "zilibaki wiki sita."

Chuoni hakurudi. Kitabu cha safari kilitoka mwezi wa tano, nilisikia, na nilisikia kwamba hakwenda kukichukua. Sasa anasafisha ofisi Sandton, ghorofa za vioo, anapanda treni iendayo kasi na wenye tai. Nilimtumia sauti nyingi kwenye simu, nyingine za kuomba msamaha, nyingine za hasira, na moja nilisema ile sentensi ya chai, nikidhani atacheka. Zote zilisikilizwa, alama zilikuwa za bluu. Pazia bado lipo. Ndoo ziko nyuma yake.

Jumamosi ile kwenye kilio, alasiri, waliweka simu kwenye kigoda mbele ya maikrofoni ili tusikie mazishi ya Bukavu. Sauti ilikuwa inakuja na kwenda. Mchungaji wa kule akasema sasa anasoma historia ya marehemu, na kwamba marehemu aliiandika kwa mkono wake mwenyewe akiwa kitandani. Alipozaliwa, alipobatizwa, alipouza, alipougua. Halafu akasoma: "Ameacha mtoto mmoja, Nsimire, ambaye yuko masomoni Ujerumani, na baridi ya huko ni kali, mumkumbuke kwa maombi."

Uwanja wote ulisikia. Ya Béa akatazama miguu yake. Mama Pasta akafumba macho. Mtoto mmoja aliyezaliwa hapa akamuuliza mama yake kwa Kiingereza, mbona Aunty Nsimire yuko hapa hapa, akafinywa akanyamaza. Yule mama alisikia siku ile, alijua sauti ya Béa, na kwa miaka hii yote aliendelea kuwaambia watu wa avenyu yake, peke yake, bila mtu wa kumsomea hali ya hewa.

Nsimire aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama. Nilijua anatazama nini. Alikuwa anatazama mdomo wangu. Nikaufunga. Nilibana meno mpaka masikio yakauma, na mchungaji wa Bukavu akaendelea, na udongo ukaanza kuanguka juu ya sanduku kwenye ile simu, sauti kama mtu anayekung'uta viatu. Nsimire akageuza uso. Walipopita na chai nikachukua kikombe, nikakinywa chote, na sikumwambia mtu neno lolote, sasa ambapo hapakuwa tena na kitu ambacho neno langu lingeharibu.